Giza la jioni na giza la alfajiri: kisa cha mitumbwi mitatu ya dagaa, masika ya 2024

Mahali, watu na msimu

Kisa hiki kilitokea kwenye kisiwa kimoja cha upande wa Kagera, Ziwa Victoria, kati ya mwanzo wa Aprili na katikati ya Mei 2024. Majina ya kisiwa, ya mwalo (pwani ambako mitumbwi hushusha samaki) na ya wahusika nimeyaacha. Mfuatano wa mambo nimeutoa kwenye daftari la tajiri na kwa manahodha na akina mama waanikaji, ambao kila mmoja alieleza kwa upande wake.

Tajiri alikuwa na mitumbwi mitatu ya dagaa, kila mmoja na nahodha na wavuvi watatu, injini moja, wavu mmoja na taa za sola zinazoelea juu ya vyelezo. Mgao wao ulikuwa wa kawaida pale: petroli na posho hutolewa kwanza, kinachobaki nusu ya tajiri, nusu ya wavuvi. Nchi kavu kulikuwa na kundi la akina mama wanaolipwa kwa ndoo. Kiongozi wao nitamwita Mama Chanja, kwa sababu ndiye aliyeshikilia kuanika juu ya chanja wakati karibu mwalo mzima ulikuwa bado unamwaga dagaa mchangani.

Tajiri alikuwa na deni la injini. Alijua pia kwamba Ziwa Tanganyika lingefungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo, akatarajia wachuuzi wa bara waulizie zaidi dagaa wa Victoria. Kwa hiyo alitaka gunia nyingi ghalani kabla ya Mei kufika katikati. Lengo hilo ndilo lililosukuma kila uamuzi wa mwanzo, na msomaji alikumbuke anapoendelea.

Masika ya 2024 yalikuwa makubwa. Ziwa lilikuwa limejaa, maji yamepanda na kumeza sehemu ya mchanga wa kuanikia, na jua lilikuwa la kubahatisha.

Mpango wa kwanza: giza lote, usiku kucha

Dagaa wa Victoria hupanda juu usiku wakifuata viumbe vidogo wanavyokula. Taa ikiwashwa katika giza wanaikusanyikia, wavu unazungushwa chini yao na kuvutwa. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga unatawanyika ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na dagaa wanatawanyika nayo. Ndiyo maana mwalo wa dagaa una kalenda yake: wakati wa giza watu hawalali, wakati wa mbalamwezi nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, na wengine wanavuka kwenda kuona familia.

Mwezi ulipotea kabisa tarehe 8 Aprili, siku ile ile jua lilipopatwa huko Amerika ya Kaskazini. Tajiri akapanga hivi: kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 14, mitumbwi yote mitatu iingie ziwani kila usiku, itoke jua likizama na irudi kukicha. Mvua haikuwamo kwenye hesabu. Sababu yake ilikuwa rahisi na wengi pale wangeikubali: giza ni la kila mtu na halingoji, na mvua ikinyesha usiku asubuhi jua linaweza kutoka.

Dagaa walipatikana. Siku za mwanzo mitumbwi ilirudi na ndoo nyingi kuliko chanja zilivyoweza kubeba, maana chanja zote za kundi zilitosha ndoo 30 hivi kwa mtandazo mmoja. Zilizobaki zilimwagwa mchangani. Jua zuri hukausha dagaa kwa siku moja. Lakini asubuhi tatu mfululizo mvua ilinyesha mpaka saa nne, na mchana ukabaki wa mawingu. Mama Chanja alinionyesha kwa mkono jinsi anavyotambua mtandazo ulioharibika: anachota konzi ya dagaa, anaikunja, anaifungua. Dagaa waliokauka vizuri wanatawanyika na kung'aa kama walivyokuwa. Walioanza kuoza wananata pamoja, tumbo limepasuka, rangi ya fedha imegeuka njano. Asubuhi ya tatu, alisema, alikunja konzi mara moja tu kisha akawaambia wenzake waache kugeuza.

Karibu nusu ya dagaa wa siku hizo waliuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na dagaa wa kula. Petroli ilikuwa imekwisha kutumika yote, na posho pia.

Usiku wa kuamkia tarehe 17

Kwa kawaida, giza linapoisha mitumbwi hupumzika. Safari hii tajiri aliona hasara ya mvua lazima ifidiwe. Mwezi ulikuwa unakua: jioni unakuta uko juu tayari, kisha unazama usiku wa manane. Tarehe 15 ulikuwa umefika nusu, na kwa saa za Kagera ulizama karibu saa saba usiku. Baada ya hapo kuna giza safi hadi alfajiri. Akaamua mitumbwi ilale pwani hadi mwezi ushuke, ndipo itoke. Nahodha mmoja, mtu mzima aliyevua pale tangu enzi za karabai, alimwambia: "Tajiri, hilo giza la alfajiri msimu huu si zuri." Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba ndivyo ilivyo. Jibu hilo halikutosha kumzuia mtu mwenye deni.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 mitumbwi miwili ilitoka saa saba, ikatega taa karibu saa nane. Nahodha yule mzee alikataa kutoka, na wavuvi wake walibaki naye. Kabla ya saa kumi umeme ulianza kumulika upande wa mashariki. Wavuvi wanasema ulikuwa mbali, hawakusikia ngurumo. Wakavuta wavu mara moja zaidi. Upepo ulipofika ulifika wote kwa pamoja, na mvua nyuma yake. Mtumbwi mmoja ulikata kamba za vyelezo, ukaelekeza omo kwenye mawimbi na kuhimili. Wa pili ulikuwa na wavu nusu ndani, nusu majini. Wavu ukaubana upande mmoja, maji yakaingia. Watu wanne walibaki wameng'ang'ania mtumbwi uliojaa maji hadi kulipokucha, walipookolewa na boti ya abiria. Watatu walikuwa wamevaa jaketi okozi. Wa nne alilikalia lake kama mto na likachukuliwa na wimbi la kwanza. Alijifunga kwenye dumu tupu la petroli.

Wote walipona. Wavu, injini na taa zote za mtumbwi huo zilipotea.

Kikao cha mbalamwezi

Mwezi ulijaa usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili. Katika siku zile za mwanga kikao kilifanyika chini ya usimamizi wa BMU ya mwalo, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi pale. Walikuwapo tajiri, manahodha, wavuvi, na kwa mara ya kwanza Mama Chanja na wenzake wawili. Hili la mwisho lilitokana na tajiri mwenyewe, na nadhani ndilo lililobadilisha kisa chote, kwa sababu swali lililoulizwa kwanza halikuwa tena "giza lina siku ngapi?" bali "kesho tunaweza kuanika ndoo ngapi?"

Waliamua mambo yafuatayo.

Kwanza, mvua ikiwa inatarajiwa kesho, itoke mitumbwi ya kujaza chanja tu, na chanja zifunikwe kwa turubai. Hakuna dagaa wa kumwagwa mchangani hadi masika yaishe. Kwa ndoo 30 na mitumbwi miwili iliyobaki, hii ilimaanisha kwamba usiku mwingine ungeisha mapema, taa zikizimwa wakati dagaa bado wanakuja. Wavuvi hawakupenda.

Pili, kazi ianze mwezi unapopungua, kwenye giza la jioni, na mitumbwi iwe pwani kabla ya saa saba usiku hata kama giza linaendelea.

Tatu, kila siku saa kumi na moja jioni nahodha na tajiri waangalie vitu viwili kabla ya kutia petroli: utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) kwa ajili ya ziwa, na simu kwa mchuuzi wao wa Musoma, ng'ambo ya mashariki, kuuliza kama huko mchana kulipiga radi na mvua kubwa. Vyote viwili vikiwa vibaya, hakuna kutoka. Kimoja kikiwa kibaya, nahodha aamue, na uamuzi wake usipingwe na tajiri.

Giza la pili

Walianza tarehe 28 Aprili. Usiku huo mwezi ulichomoza kuelekea saa tano, hivyo walipata kama saa tatu za giza tangu utusitusi ulipoisha. Kila usiku uliofuata uliwaongezea karibu saa moja. Tarehe 1 Mei mwezi ulikuwa umebaki nusu na ulichomoza baada ya saa saba, yaani muda wao wote waliojiwekea ulikuwa wa giza.

Mara kadhaa hawakutoka kwa sababu ya utabiri au ya simu ya Musoma. Katika baadhi ya usiku huo dhoruba ilipita kweli. Katika mwingine ziwa lilikaa kimya hadi asubuhi, majirani wakarudi na ndoo zimejaa, na wavuvi wa tajiri wakakaa kwenye mchanga wakiwatazama. Mmoja wao aliacha kazi, akahamia mtumbwi mwingine.

Kulikuwa pia na usiku mmoja waliolala bure kabisa. Mwanzoni mwa Mei redio zote zilikuwa zikizungumzia kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei. Tahadhari ile ilikuwa ya ukanda wa Bahari ya Hindi. Wavuvi waliisikia, wakafunga mitumbwi. Utabiri wa ziwa wa siku hiyo hawakuufungua.

Matokeo

Ndoo zilizovuliwa katika giza la pili zilikuwa chache kuliko za giza la kwanza, jambo lisilo la kushangaza: mitumbwi miwili badala ya mitatu, saa tano au sita badala ya kumi. Lakini karibu dagaa wote waliuzwa kama chakula cha watu, na petroli ya kila ndoo ilipungua kwa sababu hawakuhama hama usiku kucha kutafuta kundi jingine. Daftari linaonyesha kwamba baada ya kutoa gharama, kilichogawanywa kwa kila mvuvi kilizidi cha giza la kwanza. Tajiri hakufidia injini na wavu uliopotea. Deni lilisogezwa mbele. Hakuna mtumbwi uliokutwa na dhoruba ziwani.

Uchambuzi: mwezi unapanga saa

Kosa la mpango wa kwanza halikuwa kufuata mwezi. Mwezi ulisema kweli: dagaa walikuwapo. Kosa lilikuwa kuusoma kwa siku tu, giza na mbalamwezi, wakati mwezi unapanga pia saa ndani ya kila usiku.

Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Kila usiku unaofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo katika nusu ya pili ya mwezi giza linakuwa jioni, na linarefuka kila siku. Katika nusu ya kwanza ni kinyume: mwezi uko juu jioni, unazama usiku, na giza linabaki kuelekea alfajiri. Mvuvi anayehesabu idadi ya saa za giza ataona pande hizi mbili zinalingana. Saa nne za giza ni saa nne.

Ziwa halizioni sawa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua yanajengeka huko. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unageuka: unatoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Hewa hizo zinakutana juu ya maji ya uvuguvugu, zinapanda, na radi inazaliwa katikati ya ziwa usiku. Kwa kuwa mifumo hiyo husukumwa kuelekea magharibi, upande wa Kagera unaipata mara nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mtu yeyote aliyekaa Bukoba masika anazijua mvua za alfajiri.

Weka mambo haya mawili pamoja. Mwezi unapokua, giza lake linaangukia saa zile zile ambazo dhoruba za upande huo zinapenda. Mwezi unapopungua, giza linakuja kabla yake. Nahodha mzee alikuwa na ukweli huu mkononi tangu mwanzo, na nasikitika kwamba ulipotea kwa kukosa maelezo. Vijana wanaotaka kujua "kwa nini" wana haki yao, lakini mtu aliyevua mahali pamoja kwa miaka mingi akisema "ndivyo ilivyo", hiyo ni taarifa, na ilitakiwa kuandikwa kwenye daftari pembeni ya utabiri.

Kwa sababu hiyo hiyo kanuni ya saa saba isihamishwe bila kufikiri. Inafaa magharibi mwa ziwa. Upande wa Mara, mawingu ya mchana yanayotoka nyanda za juu yanaweza kuwa ziwani mapema jioni, na huko giza la jioni linahitaji tahadhari yake.

Simu ya Musoma

Hili lilinivutia kuliko yote. Utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu dhoruba za Ziwa Victoria ulionyesha kwamba radi kali za usiku ziwani mara nyingi hutanguliwa na radi kali nchi kavu mchana uliotangulia. Mvuvi wa kisiwa cha Kagera hawezi kuona mawingu ya Musoma kwa macho. Mchuuzi wake anaweza, na simu ya dakika moja ni bei ndogo kuliko lita moja ya petroli. Haitoshi yenyewe, na mwezi ule ilipiga kelele bure zaidi ya mara moja, lakini ikiunganishwa na utabiri wa TMA inampa nahodha kitu cha kusimamia mbele ya wavuvi wenye njaa.

Kuhusu utabiri, kisa cha Hidaya kinaonyesha pengo dogo lenye gharama. Watu walisikia tahadhari. Hawakutafuta inahusu maji gani. Kwenye mwalo ule sasa BMU hubandika utabiri wa ziwa peke yake kwenye ubao, na anayeubandika ni mtu mmoja anayejulikana.

Umeme wa mbali ulipomulika kabla ya saa kumi usiku ule wa kuamkia tarehe 17, uamuzi sahihi ulikuwa kuacha wavu ule wa mwisho. Umeme usio na ngurumo una maana kwamba dhoruba bado iko mbali, basi. Hausemi inakwenda wapi. Ukimulika mashariki, na mvuvi yuko magharibi, anatakiwa kuuchukulia kwamba unamjia yeye. Na jaketi okozi la kukalia halipo.

Chanja ndiyo kipimo cha safari

Safari ya dagaa haiishii mtumbwi unapogusa mchanga. Inaishia gunia linaposhonwa. Tajiri alipanga usiku wake kwa mwezi na hakuupangia mchana wake kitu chochote, na masika mchana ndio unaokula faida. Kumleta Mama Chanja kwenye kikao kulimpa namba ambayo hakuwa nayo: ndoo 30. Namba hiyo ilimwambia mitumbwi mingapi itoke, kwa muda gani, na lini mtu azime taa arudi alale.

Hapa wavuvi wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wao hulipwa kwa kilichouzwa, na usiku wa kulala hauwalipi chochote, hata posho. Tajiri alipata usalama wa mtumbwi wake kwa kulala. Wavuvi walipata usalama wa maisha yao, lakini nyumbani wanaulizwa unga. Mvuvi aliyeondoka hakuwa mkaidi. Mpango wa kutotoka ukiwa hauna posho, utavunjwa, na utavunjwa na nahodha mwenye watoto wengi kwanza. Mwalo ule ulizungumza kuhusu kutenga kiasi kidogo kwa kila gunia kwa ajili ya usiku wa namna hiyo, na hadi tulipoachana hawakuwa wamekubaliana nani aushike mfuko.

Njia nyingine ya kupunguza mgongano ni kuongeza chanja. Waya, miti na nyavu chakavu za kutandaza hugharimu kidogo kuliko injini, na kila chanja mpya ni ndoo zaidi ambazo usiku mzuri unaweza kubeba. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kitu kimoja cha kununuliwa kwa fedha ya kwanza ya msimu, ningechagua hizo na turubai zake kabla ya taa zaidi.

Mpango ukifika Juni

Kuanzia Juni mvua inakatika, jua linakuwa la uhakika na mchanga unakauka. Kikomo cha ndoo 30 kinalegea chenyewe. Lakini ndio wakati wa kusi, upepo unaozidi mchana na kuchafua ziwa, na mtumbwi uliochelewa kurudi asubuhi unaweza kupigana na mawimbi njia nzima. Tajiri na manahodha wamekubaliana kwamba kipimo cha saa saba kiondolewe Juni hadi Agosti, na mahali pake kiwekwe cha kurudi kabla jua halijapanda. Kwa upande wa Kenya uvuvi wa omena, kama dagaa hawa wanavyoitwa huko, husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, na nahodha mzee anapendekeza kwamba hata pale kwao mitumbwi ipumzike angalau mbalamwezi mbili za masika, nyavu zishonwe, chanja zijengwe. Tajiri amesema atalifikiria akimaliza deni.